Tia mkono chini ya zulia

 

Juma hili nimeona tuzungumze jambo ambalo huenda halikutarajiwa katika kurasa za familia, nalo ni ununuzi wa gari dogo lililokwisha kutumika. Vijana wengi wenye familia changa wamekuwa wakiniuliza habari zake, nami sikuwa na la kuwajibu mpaka lilipoingia nyumbani kwetu. Nalisimulia kama lilivyotokea, kwa idhini ya wahusika na bila kuwataja majina, kwa kuwa ndani yake mna mambo ya gari na mna mambo ya dini, na nimeona hayatengani.

Dada yangu ni mjane. Anaishi katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, upande wa Wilaya ya Kibiti, mahali ambapo hakuna gari linalofika. Huko watu husafiri kwa mitumbwi na mashua, wakipita katikati ya mikoko. Anayetaka kwenda Dar es Salaam hungoja maji yajae, akavuka hadi Nyamisati, kisha akashika njia ya vumbi mpaka Bungu kwenye barabara kuu ya Kilwa. Karibu na Bungu ana shamba la mikorosho alilorithi kwa marehemu mumewe. Kwa misimu kadhaa, kila malipo ya korosho yalipoingia kutoka chama cha msingi, alikuwa akitenga kidogo kwa nia ya Hija.

Mwanawe, yaani mpwa wangu, ni mwalimu. Alifundisha Kibiti kwa miaka sita, kisha akahamishiwa Dar es Salaam na kupanga nyumba Mbagala. Mkewe pia ni mzaliwa wa delta. Wana watoto wawili, na wa pili, mwenye umri wa miaka minne, ana selimundu. Wanaoijua maradhi hiyo wanajua kwamba maumivu yake hayangoji mchana. Baridi peke yake yaweza kuyaamsha. Mara mbili katika mwaka mmoja walilazimika kumpakia mtoto kwenye bodaboda usiku wa manane, upepo ukimpiga kifuani, na akafika hospitali hali yake ikiwa mbaya kuliko alivyotoka nyumbani.

Hapo ndipo wazo la gari lilipozaliwa. Mpwa wangu alikuwa na kiasi kidogo tu cha akiba, na alikuwa amekwisha kuchukua fomu za mkopo wa wale watu ambao mitaani tunawaita kausha damu. Habari zikamfikia mama yake. Jioni hiyo dada alinipigia simu kutoka Nyamisati, ambako alikuwa amekuja kuuza mchele, akaniambia: "Kaka, mwanao asikaribie riba. Nampa zile za kwangu, milioni 9. Lakini uende naye wewe. Fedha hizo si za gari, ni za Hija yangu. Nimezihamisha tu."

Nilikaa kimya kwa muda. Iwapo mtu aliyejiwekea fedha za Hija anaweza kuzitoa kwa haja kama ile ni swali ambalo sikuthubutu kulijibu, nikamwomba amuulize sheikhe wa msikiti wake. Lakini maneno yake ya mwisho yalinikaa moyoni. Kila gari nililoliona baada ya siku ile nililiona kwa macho ya mtu aliyebeba amana ya Hija ya dada yake.

Usiku wa kwanza hatukuzungumzia gari lipi. Tulijiuliza kwanza kama gari linahitajika. Mkewe alileta daftari, tukaandika nauli za daladala, za bajaji, na za safari za kliniki. Tukaandika pia gharama za gari: mafuta, ambayo bei zake kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, pamoja na bima, maegesho, kubadilisha oili, na matairi. Ukweli ni kwamba kwa hesabu tupu ya shilingi, gari lilishindwa. Bajaji ya kukodi kila walipoihitaji ilikuwa nafuu zaidi. Kilichopima upande wa pili wa mizani ni mtoto yule na usiku ule. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu hununua gari kwa kuona jirani amenunua, kisha tukaita haja. Aliye na haja ya kweli hana sababu ya kuogopa kuiandika kwenye daftari.

Tulikubaliana pia kwamba katika milioni 9, bei ya gari isivuke milioni 7. Zilizobaki zilikuwa za kulifanya gari liwe salama na liwe mali yetu kisheria. Msomaji, ukinunua gari lililotumika kwa fedha yako yote, umenunua nusu ya gari. Nusu ya pili utaidaiwa na fundi.

Sasa ni gari gani? Kwa mwenye kipato cha mwalimu na safari za mjini, jibu la Watanzania wengi kwa miaka mingi limekuwa ni vigari vile vya Kijapani vyenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu: Toyota Vitz, Toyota Passo, Toyota IST, Honda Fit, Mazda Demio, Nissan March. Vitz, iliyotoka Japani mwaka 1999 na kuuzwa Ulaya kwa jina la Yaris, ndiyo imeenea zaidi mitaani mwetu, na kuenea huko ni fadhila yake kubwa. Spea zake zimejaa, na fundi wa kila kona ameshaifungua. Japani nao huendesha kushoto kama sisi. Isitoshe, sheria yao hulitaka gari dogo la binafsi likaguliwe linapotimiza miaka 3 tangu lisajiliwe, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Ndiyo maana wengi wao huona bora kuliuza gari likiwa bado na nguvu.

Mpwa wangu alitaka kwanza kuagiza moja kwa moja kutoka Japani. Tukaingia kwenye kikokotoo cha TRA kilichoko mtandaoni, kinachoonesha kodi ya gari kwa aina na mwaka wake. Gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe huongezewa ushuru wa uchakavu, na lililopita miaka 10 huongezewa zaidi. Gari jipya zaidi nalo bei yake iko juu. Kwa fedha yetu hesabu haikukubali, tukabaki na lile linaloitwa gari la mkononi, yaani lililokwisha kutumika hapa hapa nchini.

Gari la kwanza lilikuwa jeupe linalong'aa, na dalali hakuzungumzia kitu kingine isipokuwa herufi za namba yake. "Hii ni namba E, mzee wangu, gari mpya hii." Wasomaji wengi mnajua desturi hii. Namba zetu za usajili husonga kwa herufi, kwa hiyo watu hulipima gari kwa namba D au namba E. Lakini herufi hizo hueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, hazielezi lilitengenezwa lini. Gari lenye umri wa miaka 17 linaweza kuingia bandarini mwaka jana na kupewa herufi za mwaka jana. Tuliomba kadi ya gari, tukasoma mwaka wa kutengenezwa, tukaona lilikuwa na umri mkubwa kuliko Vitz ya jirani yenye namba C. Dashibodi ilionesha kilomita 68,000, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kuonekana, na usukani ulikuwa umelainika kama kisu kilichonolewa miaka mingi. Kilomita hurudishwa nyuma na mafundi. Mpira wa pedali hausemi uongo kwa urahisi namna hiyo. Tuliaga.

Gari la pili ndilo lililonifanya niandike makala hii. Lilikuwa Vitz ya buluu, safi ndani na nje, na bei yake ilikuwa milioni 6 na nusu tu. Aliyeliuza alitupokea kwa salamu ya Kiislamu iliyokamilika, akatukaribisha maji, na tasbihi ilikuwa imening'inia kwenye kioo cha ndani. Nakiri kwamba moyo wangu ulitulia. Injini iliwaka mara moja. Mpwa wangu alishakuwa anauliza habari za kulipa. Dalali naye akasogea, akatunong'oneza kuwa kuna mtu mwingine anakuja saa nane mchana na fedha taslimu.

Nisimame hapa kidogo. Maneno hayo ya mtu wa saa nane mchana yanafanana mno na kile ambacho wanazuoni wetu wanakiita najshi, yaani kumzushia mali mnunuzi wa uongo ili mnunuzi wa kweli apandwe na haraka. Mtume (S.A.W.) amelikataza jambo hilo. Basi kila unapohimizwa namna hiyo, ichukulie kuwa ni sababu ya kwenda nyumbani ukalale.

Wakati sisi wanaume tumesimama mbele ya injini, mkewe alikuwa amefungua mlango wa nyuma ili aone kama mtoto anaweza kulala kwenye kiti akiwa mgonjwa. Alikaa, akanyamaza, kisha nikamwona anainama na kutia mkono chini ya zulia la miguuni. Alipoutoa aliunusa. Akaja taratibu, akasema kwa sauti ya chini: "Mjomba, hii ni harufu ya mafuriko."

Binti yule amezaliwa delta. Amelala katika nyumba zilizoingiliwa na mto, na mwezi Aprili mwaka 2024, mafuriko yalipozikumba Rufiji na Kibiti, wazazi wake waliyahama makazi yao na mashamba yao ya mpunga yakazama. Harufu ya tope lililokauka ndani ya kitambaa hakufundishwa na fundi. Tukarudi pamoja. Chini ya zulia palikuwa na unyevu. Tuliuvuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake, mahali ambapo waosha magari hawafiki, tukakuta mstari wa tope la rangi ya chai. Chini ya viti, vyuma vilikuwa vimeota kutu. Gari lile lilikuwa limelala ndani ya maji, nasi waishio Dar es Salaam tunajua mabonde yetu na masika yetu. Gari la namna hiyo huwaka na kutembea. Lakini nyaya na kompyuta yake huoza polepole, na siku linapogoma hakuna fundi anayejua aanzie wapi. Fikiria ligome saa nane za usiku, mtoto akiwa nyuma.

Nilipomuuliza muuzaji, alijibu kwamba ni maji ya mvua tu, kioo kiliachwa wazi.

Ndugu zangu, jibu hilo lilinitia baridi mwilini. Sote tumesimuliwa tangu madrasa kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono wake ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali naye alisema kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza ni kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha akaonya kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Angalieni vizuri: mtu yule hakulaumiwa kwa kunyeshewa. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Alilaumiwa kwa kuificha iliyolowa chini.

Tukageuka kuondoka. Hapo ndipo ilipokuja aibu yangu mwenyewe, nami sitaificha. Langoni tulipishana na kijana mmoja na mkewe mjamzito, wanakuja kuliangalia gari lile lile. Mtu wa saa nane kumbe alikuwapo, wala hakujua anaingia katika nini. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvuka lango. Nilijiambia kwamba hayanihusu, kwamba si vizuri kumharibia mtu biashara yake, kwamba kusema ni kusengenya. Mkewe mpwa wangu alisimama. Akasema, "Mjomba, wale nao wana mtoto tumboni. Tukinyamaza tutakuwa tumeuza sisi."

Akarudi peke yake, akamwambia yule mke mwenzie wa rika lake, kwa adabu na kwa maneno machache: tia mkono chini ya zulia, uvute na mkanda hadi mwisho, kisha amueni wenyewe. Dalali alifoka sana. Nilipofika nyumbani nilifungua Riyadh as-Salihin ya Imam Nawawi, mlango unaoeleza pale ambapo kumtaja mtu si usengenyaji uliokatazwa, nikaukuta wazi kabisa: kuwatahadharisha Waislamu na shari, na kutoa nasaha kwa anayeingia katika muamala, ni miongoni mwake. Niliyekuwa na kitabu rafuni ni mimi, na aliyekifanyia kazi ni binti wa delta. Kama wale vijana walilinunua gari lile au la, sijui. Kama walilinunua, walilinunua wakijua, na huo ndio tofauti kati ya biashara na wizi.

Gari la tatu tuliliona baada ya majuma matatu. Mwenyewe alikuwa mama mmoja, muuguzi mstaafu, jirani wa rafiki yangu. Hakuwa Muislamu. Vitz yake ya mwaka 2007, injini ya ujazo wa lita 1, ilikuwa na mlango wa nyuma uliobonyea. Kabla hatujauliza, alitupa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: kiyoyozi hakipozi, shokapu za mbele zimechoka, oili inavuja kidogo juu ya injini, mlango uligongwa na bodaboda. Akasema, "Mengine fundi wenu atayaona. Mimi nimeandika ninayoyajua." Alitaka milioni 7 na laki 2.

Tulikwenda na fundi wetu, tuliyemlipa sisi. Msikubali fundi anayeletwa na dalali. Tulifika asubuhi na mapema, kabla injini haijawashwa, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Fundi aligusa injini kwanza kuhakikisha ni baridi. Alifungua kifuniko cha rejeta kuona kama maji yana mafuta, na kifuniko cha oili kuona kama kuna utando mweupe kama maziwa, kwani mojawapo ya hayo huashiria kuwa maji na oili vimekutana ndani. Alitazama moshi: wa buluu ni wa injini inayounguza oili, mweusi ni wa mafuta kupita kiasi, na mweupe mzito usiokoma baada ya injini kupata moto ni wa maji. Alizima redio, akakata usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku akienda polepole, akisikiliza mlio wa kugonga kwenye magurudumu ya mbele. Alitoa gia kutoka mbele kwenda nyuma, akihesabu muda wa gari kuitikia, maana giaboksi ya otomatiki inayochelewa au kushtuka ndiyo inayomaliza fedha za watu. Aliangalia boliti za boneti na za milango kama rangi yake imekwanguliwa na spana, dalili ya gari lililofunguliwa baada ya ajali. Kwenye matairi alitusomea tarakimu 4 zilizochapwa ubavuni: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na likawa limezeeka kiasi cha kupasuka barabarani.

Karatasi ya yule mama ilikuwa ya kweli kwa kila mstari. Fundi aliongeza jambo moja tu ambalo hakulijua, bushi za mbele. Tulikubaliana milioni 6 na laki 8, tukapeana mikono, na hakuna aliyemlemea mwenzie.

Kisha likaja suala la makaratasi, ambalo wengi huliona dogo. Tulilinganisha namba ya chesisi na ya injini zilizoko kwenye gari na zile za kwenye kadi. Tuliihitaji kadi halisi, si nakala, na tukahakikisha jina lililomo ni la yule yule mwenye kitambulisho. Gari lililowekwa dhamana benki huweza kuuzwa na mtu asiye na haki ya kuliuza. Tuliangalia kwa namba ya gari kama lina faini za trafiki zisizolipwa na madeni ya maegesho ya TARURA, kwa kuwa madeni hayo hulifuata gari. Tukaandikishana hati ya mauziano mbele ya wakili, fedha zikapita benki, na juma lile lile tukaanza kubadilisha umiliki TRA. Msiache gari likatembea kwa jina la mtu mwingine. Likipata ajali au likitumika katika uhalifu, mlango utakaogongwa kwanza ni wa yule mama aliyewafanyia wema. Bima nayo tulikata mapema. Wanaotaka bima isiyo na shaka waulize habari za takaful, ambayo imeanza kupatikana nchini.

Neno kwa wasio na mama mwenye mikorosho. Msiikimbilie riba kwa kudhani hakuna njia nyingine. Tangu Amana Bank ilipofungua milango yake mwaka 2011, na benki nyingine nazo kufungua madirisha ya Kiislamu, kuna mauzo ya murabaha: benki inalinunua gari kwanza likawa lake, kisha inakuuzia kwa faida inayojulikana tangu siku ya kwanza, nawe unalipa kwa awamu bila deni kuongezeka kwa kuchelewa. Soma mkataba, uliza, linganisha. Na kama bado hauwezi, subira haina foleni.

Turudi kwa zile fedha. Dada alikuwa amesema ni zawadi. Mpwa wangu alikataa. Qur'an imetuamrisha katika Suratul Baqara kuyaandika madeni na kuyashuhudishia, akataka jambo lile liandikwe. Dada alipokuja Mbagala, tulikaa mkekani, tukaandika: milioni 9, deni lisilo na ziada, litarudishwa laki 2 kila mwezi. Mashahidi ni mimi na jirani yake. Dada hajui kusoma vizuri herufi zetu, kwa hiyo tuliiandika pia kwa herufi za Kiarabu, akaisoma mwenyewe neno kwa neno, akaikunja na kuitia ndani ya msahafu wake.

Katika milioni 2 na laki 2 zilizobaki, walibadilisha shokapu, bushi, matairi mawili na oili, wakaziba lile vujo, wakalipia bima na umiliki. Kiyoyozi na mlango uliobonyea viliachwa kama vilivyo, maana havimpeleki mtoto hospitali. Kilichosalia kimewekwa kando kwa jina la mfuko wa gari, hakiguswi kwa ada wala kwa sikukuu.

Mwezi uliopita maumivu yalimjia mtoto saa nane za usiku. Walimfunika blanketi, wakamlaza kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, na walifika hospitali kabla mikono yake haijapoa. Asubuhi baba yake alinipigia simu, akasema neno moja tu, "Alhamdulillah," nami nikaelewa.

Hija ya dada bado. Laki 2 za mwezi huu zimekwisha kuingia kwake, na zile za miezi iliyopita zipo. Kila ninapoliona gari lile, na mlango wake uliobonyea, namwomba Mwenyezi Mungu amrefushie umri aiendee Nyumba yake tukufu.

Wewe unayenunua, tia mkono chini ya zulia. Wewe unayeuza, liinue zulia mwenyewe kabla hujaulizwa. Na wewe unayepita langoni ukijua kilichomo ndani, usivuke kimya kimya kama nilivyotaka kuvuka mimi.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu, tubarikie katika tunachonunua na tunachouza, na uwaponye wagonjwa wetu na watoto wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.